Usawa, rampu au lifti: namna ya kuchagua treni ukiwa kwenye kiti cha magurudumu

Kwenye ratiba za treni na milangoni mwa mabehewa utaiona alama ya kiti cha magurudumu, nyeupe juu ya buluu. Alama hiyo inaahidi kwamba unaweza kupanda. Haisemi utapandaje, wala haigusi swali lililo zito zaidi: utashukaje. Ukishindwa kupanda, bado uko jukwaani, una simu yako, unaweza kutafuta njia nyingine. Ukishindwa kushuka, treni imeondoka nawe.

Kwa hiyo natumia mizani moja kwa kila treni ninayoilinganisha hapa. Ukifika unakokwenda, nani mwenye uwezo wa kukutoa behewani: wewe mwenyewe, mhudumu, au mashine? Jibu linaweza kutofautiana hata kwa treni mbili zinazosimama kwenye jukwaa lilelile. Bei ya tiketi na muda wa safari vije baadaye.

Kuingia kwa usawa

Hapa sakafu ya behewa na jukwaa viko kimo kimoja, au karibu hivyo. Mlango ukifunguka unasukuma kiti chako na umeingia, kama abiria mwingine yeyote. Treni nyingi mpya za mjini zimejengwa hivi, na ndiyo njia ninayoipendelea kuliko zote, kwa sababu mtu wa kukushusha ni wewe.

Lakini neno "usawa" lina vipimo vyake, na vipimo hivyo havilingani kila mahali. Kanuni za Umoja wa Ulaya huhesabu kuwa ni usawa iwapo mwanya kati ya mlango na ukingo wa jukwaa hauzidi milimita 75, na tofauti ya kimo haizidi milimita 50. Nchini Marekani, treni mpya za mjini zikiwa kwenye vituo vipya zinatakiwa kuwa na mwanya usiozidi inchi 3, ambazo ni kama milimita 76, lakini tofauti ya kimo isizidi milimita 16 hivi. Mwanya ni uleule. Kimo ndicho kinachotenganisha kanuni hizi mbili, na kwa anayesukuma kiti kwa mikono yake, kimo ndicho kila kitu.

Tazama magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha kusukuma kwa mikono. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha milimita 125. Ekseli yake, yaani mhimili wa katikati, iko milimita 62 hivi kutoka chini. Kidato cha milimita 50 kinakaribia kufika kwenye ekseli. Gurudumu likikigonga halipandi, linasimama ghafla, na mwili wako unaendelea mbele. Milimita 16 gurudumu hilohilo linazipanda likiwa na mwendo kidogo. Anayejua kuinua sehemu ya mbele ya kiti na kusimama kwa magurudumu ya nyuma atakivuka kidato cha milimita 50. Asiyejua, au asiye na nguvu mabegani, ageuke aingie kinyumenyume, ili magurudumu makubwa ya nyuma ndiyo yatangulie. Na mwanya una hatari yake: ukiuendea kwa mshazari, gurudumu la mbele huzunguka likalala sambamba na ukingo, kisha likatumbukia. Uendee mlango ukiwa umenyooka kabisa.

Majukwaa yaliyopinda ndiyo adui mkubwa wa usawa. Behewa limenyooka, jukwaa limepinda, kwa hiyo mwanya hupanuka katikati ya behewa au kwenye ncha zake, kutegemea upande jukwaa linakoelekea. Treni ileile iliyokupokea vizuri kituo kimoja inaweza kukuachia shimo kituo kinachofuata. Baadhi ya treni za kisasa zimelitatua hili kwa kibao kinachojichomoza chini ya mlango kabla haujafunguka, kikaziba mwanya. Treni mpya za Merseyrail mjini Liverpool, zilizoanza kazi mwaka 2023, zina kibao cha namna hiyo, na zilipokuwa zinakuja, majukwaa nayo yalirekebishwa kimo yalingane na sakafu. Hapo ndipo wengi hukosea: hununua treni nzuri na kuliacha jukwaa la zamani.

Mfano mwingine ni Elizabeth line ya London, iliyofunguliwa Mei 2022. Vituo vyake vyote unaweza kuvifikia bila ngazi. Lakini kwenye vituo vipya vya chini ya ardhi katikati ya jiji unaingia kwa usawa, ilhali kwenye vituo vingi vya zamani vya pembeni ya jiji mhudumu lazima akuwekee rampu. Treni moja, safari moja, njia mbili za kushuka. Ukiangalia tu mahali unapopandia, utajidanganya.

Rampu

Rampu ni kibao kinachowekwa kati ya mlango na jukwaa. Nyingine hukunjwa na kuhifadhiwa ndani ya behewa, nyingine hukaa jukwaani zikisubiri mhudumu. Uingereza na Japani zinazitumia sana, na kwa sababu ni rahisi na haina mota ya kuharibika, rampu ndiyo suluhisho utakalokutana nalo mara nyingi zaidi kwenye reli za zamani.

Ubora wake unategemea mambo mawili, mteremko na mtu.

Tuanze na mteremko. Kanuni za Ulaya zinaruhusu rampu ya treni ifike asilimia 18. Kwa kulinganisha, njia mteremko za majengo kwa kawaida hutakiwa zisizidi moja kwa kumi na mbili, yaani asilimia 8 na kidogo. Ikiwa sakafu ya behewa iko sentimita 30 juu ya jukwaa, njia mteremko ya kawaida ingehitaji urefu wa mita 3.6. Rampu ya asilimia 18 inahitaji mita 1.7 tu, kwa hiyo inatosha jukwaani, lakini mwinuko wake ni zaidi ya mara mbili. Kwa kiti cha umeme chenye nguvu si tatizo kubwa, mradi magurudumu ya kuzuia kupinduka yaliyo nyuma yasigote chini. Kwa kiti cha mkono, wachache sana wataupanda peke yao, utasukumwa. Wakati wa kushuka, mwambie mhudumu kama unataka kushuka ukitazama mbele au kinyumenyume, na umwambie kabla hajakishika kiti. Wengi huanza kusukuma bila kuuliza.

Sasa mtu. Rampu haijiweki. Japani utaratibu umekaa vizuri: mhudumu wa kituo unachopandia huwasiliana na mwenzake wa kituo unachoshukia, akamwambia treni ipi, behewa lipi, mlango upi, na mlango unapofunguka mwenzake yuko pale na kibao chake. Mnyororo huo ukiwa mzima, rampu inakaribia kuwa nzuri kama usawa. Ukikatika pingili moja, wewe ndiye unayelipa.

Mimi natumia kiti, na hili limeshanifika. Mlango umefunguka, jukwaa liko pale, sentimita chache chini ya magurudumu yangu, watu wanashuka wakinipita kushoto na kulia, na hakuna mtu wa rampu. Rampu yenyewe naiona, imefungwa kwa kufuli ukutani hatua chache kutoka mlangoni. Kuna kitufe cha kuita msaada. Nimebonyeza, sauti inasema subiri. Milango inaanza kulia. Abiria mmoja mwenye huruma ameweka mguu wake kati ya milango ili isifunge, na kama si yeye ningepelekwa. Niliposhuka, niliambiwa kwamba ujumbe haukufika. Hakuna aliyekuwa mkatili siku ile. Ilitosha mtu mmoja kusahau kupiga simu.

Ndiyo maana kati ya treni mbili za rampu ninachagua ile ambayo rampu imo ndani na konda amefundishwa kuitumia, badala ya ile inayotegemea wafanyakazi wa kituo. Konda anasafiri nawe. Anakujua, ameuona uso wako, na unaweza kumkumbusha kabla ya kufika. Mfanyakazi wa kituo hajui upo mpaka aambiwe, na kwenye vituo vidogo huenda zamu yake iliisha saa moja usiku. Kwa hiyo ulizia: kituo ninachoshukia kina wafanyakazi saa nitakayofika? Swali hili linaokoa watu wengi zaidi ya swali lolote kuhusu urefu wa rampu.

Lifti

Treni za masafa marefu mara nyingi zina sakafu ya juu mno kwa rampu. Mabehewa mengi ya zamani ya Ulaya yana sakafu iliyo kama mita 1.2 juu ya reli, wakati majukwaa ya kawaida huko ni ya milimita 550 au 760. Nchini Marekani, nje ya miji mikubwa ya mashariki, majukwaa mengi yako kama sentimita 20 tu juu ya reli. Pengo la nusu mita au zaidi linahitaji lifti.

Kuna lifti ya jukwaani, ambayo ni kizimba cha chuma chenye magurudumu, mara nyingi kinachoinuliwa kwa kuzungusha mpini. Na kuna lifti ya behewani, iliyojengwa ndani ya mlango, kama ilivyo kwenye treni za ICE 4 za Ujerumani. Ukitazama juu juu zinafanya kazi moja. Kwa msafiri zinatofautiana sana.

Lifti ya jukwaani haiondoki kituoni. Kwa hiyo unahitaji mbili, ya kupandia na ya kushukia, na zote ziwe nzima, ziwe kwenye jukwaa sahihi, na awepo mtu wa kuziendesha. Treni ikibadilishiwa jukwaa dakika za mwisho, na jambo hili hutokea kila siku kwenye vituo vikubwa, kizimba lazima kivutwe hadi huko. Faida yake ni kwamba ni chombo rahisi. Kilichoharibika kinaweza kubadilishwa na kingine.

Lifti ya behewani inasafiri nawe. Kituo kikiwa hakina mfanyakazi hata mmoja, wahudumu wa treni wanaweza kukushusha. Kwa mizani yangu inaishinda ya jukwaani. Udhaifu wake ni kwamba ikigoma katikati ya safari, imegoma kwa vituo vyote vilivyobaki. Ukipata nafasi, muulize mhudumu unapopanda kama behewa lako lina lifti upande mmoja au pande zote mbili, kwa sababu jukwaa la kushukia linaweza kuwa upande wa pili.

Aina zote mbili zina kikomo cha uzito, na kinachohesabiwa ni wewe pamoja na kiti. Ulaya kipimo ni kilo 300. Marekani ni ratili 600, kama kilo 272. Anayetumia kiti cha mkono hana haja ya kuhangaika. Kiti kizito cha umeme, chenye betri kubwa na mgongo unaolala, peke yake kinaweza kupita kilo 150. Pima kabla, kiti na mwenye kiti pamoja. Na pima upana: kiti ambacho kanuni za Ulaya zinakichukulia kuwa cha kawaida kina upana wa milimita 700, urefu wa milimita 1,200, na kuachiwa milimita 50 kila upande kwa ajili ya mikono na 50 mbele kwa ajili ya miguu. Marekani nafasi inayotengwa ni kama milimita 760 kwa 1,220. Sehemu za kuwekea miguu zilizonyooshwa mbele, au begi lililoning'inizwa nyuma, huvunja hesabu hiyo haraka.

Ndani: treni ya mjini na ya masafa

Kwenye treni ya mjini, nafasi ya kiti cha magurudumu ni eneo wazi karibu na mlango. Tatizo lake ni umati. Saa za kwenda kazini eneo hilo linajaa watu waliosimama na pikipiki ndogo za umeme zilizokunjwa, na hata ukiingia kwa usawa mzuri unaweza kushindwa kuufikia mlango wa kutokea. Lakini safari ni fupi, na treni ikikupita nyingine inakuja.

Kwenye masafa marefu mambo yanageuka. Nafasi ya kiti ni chache na zimehesabiwa. Treni nzima yenye mamia ya abiria inaweza kuwa na nafasi mbili tu. Shinkansen, treni za kasi za Japani, aina ya N700S ziliongezewa nafasi hadi 6 katika treni ya mabehewa 16 mwaka 2021, na hata hizo ni hatua kubwa kuliko zilivyokuwa awali. Mnaosafiri pamoja mkiwa kwenye viti, ulizeni hili kabla ya lolote lingine.

Kisha kuna choo, na hapa sitaki kupita haraka. Watu wengi wanaotumia viti huacha kunywa maji tangu asubuhi kwa sababu hawaamini choo cha treni. Hilo ni hatari kwa figo na kibofu, hasa kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo. Choo kinachofaa kina eneo la kukuwezesha kugeuka, vishikio pande zote mbili za bakuli, kimoja kikiwa cha kukunjwa ili uhamie kutoka kwenye kiti kwa ubavu, kamba au kitufe cha dharura kinachofikika hata ukiwa umeanguka sakafuni, na mlango wa umeme wenye kitufe cha kufunga kilicho tofauti na cha kufungia kwa ndani. Hicho cha mwisho kiangalie kwa makini. Kitufe cha kwanza huufunga mlango tu. Usipobonyeza cha pili, mtu yeyote aliye nje anaweza kuufungua.

Behewa lenye choo hicho karibu na nafasi yako ni bora kuliko treni yenye kasi isiyokuwa nacho. Kwa safari ya zaidi ya saa mbili mimi silegezi sharti hili. Na kama choo kimoja ndicho kilichopo na kimeharibika, mwenye treni anapaswa kukuambia kabla hujapanda. Uliza, hata kama unaona aibu kuuliza.

Treni za ghorofa zinahitaji uangalifu wa pekee. Superliner, mabehewa ya ghorofa ya Amtrak, kampuni ya reli ya abiria ya Marekani, zinamweka mwenye kiti ghorofa ya chini, ambako kuna chumba cha kulala chenye choo chake, na hilo ni jambo zuri. Lakini behewa la chakula na lile la kutazamia mandhari viko juu, juu ya ngazi, na kupita kutoka behewa hadi behewa kunafanyika huko juu. Chakula utaletewa. Safari ya siku mbili utaitazama kupitia dirisha lako moja. Kuna wanaoona hilo ni sawa kwa kuwa wamepata faragha na kitanda. Mimi ningependa kujua mapema, kisha niamue.

Kituo chenyewe

Treni nzuri haina maana kama hufiki jukwaani. BART, reli ya mjini ya San Francisco iliyofunguliwa mwaka 1972, ilipangiwa lifti kwenye vituo vyake wakati miji mingi haikuwa imeanza hata kulifikiria jambo hili. Mfumo wa New York, ulio wa zamani zaidi, ulikubali mwaka 2022, baada ya kushtakiwa, kwamba asilimia 95 ya vituo ambavyo wakati huo havikufikika vitakuwa vimefikika ifikapo mwaka 2055. Uswisi ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004 ikatoa miaka 20 ya kurekebisha vituo; muda ukaisha mwishoni mwa 2023 na vituo vingi vilikuwa bado. Nawataja ili uone kwamba tarehe iliyo kwenye sheria si kitu cha kupangia safari.

Unapolinganisha vituo viwili, chagua chenye njia mteremko kuliko chenye lifti moja, hata kama njia ni ndefu. Mteremko hauharibiki. Kama ni lazima lifti, chagua kituo chenye lifti mbili kwa kila jukwaa, au ambacho kina kituo jirani unachoweza kukifikia kwa basi. Asubuhi ya safari angalia hali ya lifti za vituo vyote vitatu: cha kupandia, cha kubadilishia na cha kushukia.

Kutoa taarifa mapema

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2023, kanuni ya jumla ni kutoa taarifa saa 24 kabla. Zamani ilikuwa 48. Uingereza, tangu 2022, unaweza kuomba msaada saa 2 kabla, na hata ukitokea bila taarifa wanapaswa kukusaidia inapowezekana. Mahali penye usawa wa kweli huna haja ya kumwambia mtu yeyote.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Anayelazimika kutoa taarifa siku moja kabla hawezi kuitikia mwaliko wa ghafla, hawezi kubaki kidogo kwa mgonjwa aliyemtembelea, hawezi kukubali zamu iliyobadilishwa mchana huo. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinautaja usafiri pamoja na kuishi kwa kujitegemea katika sentensi moja, na kinafanya hivyo kwa haki kabisa.

Sasa uchague ipi

Ukiwa na kiti cha mkono na mabega yenye nguvu, chukua treni ya usawa hata kama inakulazimu kubadilisha njiani, mradi kituo cha kubadilishia nacho kina usawa na lifti zake zinafanya kazi. Ukiwa na kiti cha mkono lakini unachoka haraka, treni moja ya moja kwa moja yenye rampu na konda wa ndani itakufaa kuliko kubadilisha mara mbili. Kila badiliko ni pengo jingine la kuvuka.

Mwenye kiti kizito cha umeme aanze na uzito, kisha upana, ndipo aangalie ratiba. Kwake rampu fupi yenye mwinuko mkali inaweza kuwa salama kuliko lifti iliyo karibu na kikomo chake. Anayetumia skuta, yaani kigari cha umeme cha kukalia kwa wasioweza kutembea mbali, aulize waziwazi, kwa sababu reli nyingi zina masharti tofauti kwa skuta, na baadhi huzikataa kwa kuwa hazigeuki katika nafasi iliyopo.

Kwa safari ya usiku, au ya kufika usiku, sichukui treni ya rampu inayoishia kituo kisicho na wafanyakazi, hata iwe nafuu kiasi gani. Nitashuka kituo kikubwa kilichotangulia na kumalizia kwa teksi inayobeba kiti. Na unapopiga simu kuweka nafasi, usimalize na kupanda. Mwambie anayekusikiliza akutajie kituo unachoshukia, jukwaa, saa, na cheo cha atakayekuja na rampu, kisha uombe yote hayo yatumwe kwa ujumbe wa maandishi, uwe nao mkononi mlango utakapofunguka.